Chai ya Walio Chini

Papa Nzanzu hanywi tena.
Siku mia mbili na kumi na tano. Najua
kwa sababu kila siku ni fundo moja:
kwanza kamba za viatu vyake,
zilipokwisha, kamba ya kuanikia nguo.

Vidole ndivyo havijaambiwa.
Vinabandua karatasi kwenye chupa ya maji,
vinaikunja ndogo, ndogo zaidi,
mpaka iwe punje ya mtama.
Vinagusa kifungo cha juu, cha pili, cha tatu;
cha nne hakipo, vinagusa ngozi,
vinaanza upya.
Kikombe anakiosha kabla ya kunywa,
anakiosha baada, halafu anakinusa,
makini kama wabadilisha fedha wa Birere
wakitafuta mchaniko kwenye noti ya dola.

Jirani husema ni mishipa.
Mama, kabla hajarudi kwao Lubero, alisema ni aibu.
Mimi nalala chumba kimoja naye, pazia katikati,
na najua anahesabu nini.

Nyumba yetu ya mbao imekaa juu ya mawe
yaliyokuwa moto mwaka ule.
Murara ni mji juu ya mji.
Chini yetu kulikuwa na baa.
Papa aliacha humo koti na deni la kreti mbili
siku mlima uliposhuka kuja kunywa.
Wenzake watatu walisema: tumalize hii kwanza.

Sasa usiku, umeme ukikatika
na wekundu wa Nyiragongo ukipaka mawingu,
sakafu inalia. Ni mlio ule mdogo,
mtamu, wa bilauri kukutana na bilauri.
Mara tatu.
Kisha kimya cha watu wanaongoja ya nne.

Hapo Papa huwasha mshumaa,
anaushusha polepole, kifuani, kiunoni, magotini,
tulivyofundishwa sote kwa ajili ya mazuku,
hewa isiyo na rangi inayolala mashimoni
ikimngoja mlevi aje alale nayo.
Karibu na sakafu mwali hauzimiki.
Unainama upande wa ufa,
kama mtu aliyeitwa jina lake.
Kifungo, kifungo, kifungo, ngozi.

Jana waliongea. Sauti kavu, yenye adabu:
"Nzanzu, kiti chako bado kina joto."

Nikasikia meno ya Papa yakitafuta ukucha
uliokwisha kuliwa.
Nikasikia hatua zikielekea mlangoni,
nikakumbuka kwa Mama Zawadi kanyanga inauzwa
hadi usiku wa manane, kifuko faranga mia tano tu.
Nilishika pazia. Sikulifungua.
Kuna vita vya mtu mzima
ambavyo mtoto hapaswi kuvikodolea macho.

Hakutoka.
Alichukua chupa ya chai, ya tangawizi, ya tangu asubuhi,
akapiga magoti, akaimimina kwenye ufa,
yote, pamoja na majani.
"Kunyweni," akasema. "Leo nalipa mimi."

Ufa ulikunywa. Tuliisikia ikishuka mbali,
mbali kuliko shimo lolote lenye haki ya kuwepo.
Halafu huko chini mtu akatema,
akakohoa, akatukana kwa Kinande
tusi la kizamani ambalo hata bibi alikwisha kulisahau.

Papa akacheka. Kicheko kibovu, chenye kutu,
cha kwanza tangu fundo la kwanza.
Akacheka hadi mikono ikatulia mapajani
kama mbwa wawili waliochoka kubweka.

Asubuhi alifunga fundo.
Kando ya ufa palikuwa na bilauri,
nzito, nyeusi kwa masizi, imefudikizwa,
jinsi mnywaji afanyavyo akimaanisha: inatosha.
Au jinsi mhudumu afanyavyo
akimaanisha: hii safi, ni yako.

Papa aliiosha. Mara mbili.
Akainusa.
Akaipanga rafuni pamoja na vikombe vyetu,
akajifuta mikono kwenye shati,
kifungo cha juu, cha pili.